Nyaya Zilizolala Darini Zaweza Kutufaa Gizani

Mkazi wa Kakamega hahitaji saa ili ajue kuwa alasiri imeingia. Jua likianza kuinamia upande wa Mumias, mawingu hukusanyika juu ya msitu, radi hunguruma, na matone mazito huanza kupiga mabati. Mji huu hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na eneo zima linalozunguka Ziwa Viktoria limetajwa na wataalamu wa hali ya hewa miongoni mwa maeneo yapigwayo na radi mara nyingi mno duniani. Mvua hiyo ndiyo ituleteayo mahindi, miwa na majani chai. Lakini neema hii ina mwenzake tuliyemzoea: tawi huangukia nyaya za stima, transfoma hulipuka, na mitaa ya Amalemba, Lurambi na Shirere hujikuta gizani.

Giza hilo si la Kakamega peke yake. Wasomaji watakumbuka kwamba tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Watakumbuka pia usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, ambapo hata Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ulikumbwa na giza. Kampuni ya Kenya Power sasa ina wateja zaidi ya milioni 9, na hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, kuunganishiwa umeme ni jambo moja, na kuwa nao saa unapohitajika ni jambo jingine.

Natuitazame basi nyumba ya mwalimu jioni kama hiyo. Mwalimu ameketi mbele ya madaftari arubaini ambayo hayajasahihishwa. Binti yake, mtahiniwa wa kidato cha nne, amefungua kitabu cha fizikia. Mara taa inazimika. Simu imebaki na chaji kidogo. Rauta iliyokuwa ikipepesa vijitaa vyake kando ya runinga imenyamaza, na pamoja nayo yamekatika masomo ambayo binti alikuwa akiyafuata mtandaoni. Ajabu ni kwamba mtandao wenyewe haujakatika. Kebo ya nyuzi za kioo ipitayo kando ya barabara ingali inapitisha nuru yake kama kawaida. Kilichokosekana nyumbani humo ni wati kumi tu za kuiamsha rauta, na wati tano za taa moja juu ya meza.

Na juu ya vichwa vyao, darini, imelala kebo ya shaba ambayo ingeweza kuzileta wati hizo.

Hiyo ndiyo hoja ya safu hii leo. Katika shule zetu nyingi, katika vyuo, katika afisi, na katika nyumba kadha wa kadha zilizojengwa au kukarabatiwa miaka ya 2000, zilitandazwa kebo za mtandao za rangi ya kijivu au samawati. Kila kompyuta ilihitaji kebo yake. Kisha ikaja mitambo ya kusambaza mtandao hewani, na kebo zile zikasahauliwa. Nyingine zilikatwa zikabaki zimening'inia ukutani. Nyingine zimezungukwa na utando wa buibui. Tumezihesabu kuwa takataka. Wahenga walitukanya tusiache mbachao kwa msala upitao, nasi twasema kwamba mbachao huu wa shaba ungali na kazi, mradi tuutumie kwa elimu wala si kwa pupa.

Yafaa kwanza tujue kebo hiyo ni kitu gani. Ndani ya ganda lake mna nyaya nane nyembamba za shaba, zilizosokotwa mbilimbili kuwa jozi nne. Katika mitandao ya kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, ambayo ndiyo iliyoenea katika maabara za kompyuta za wakati ule, ni jozi mbili tu zilizobeba habari. Jozi mbili nyingine zilikuwa zimelala tangu siku ya kwanza. Mitandao ya kasi ya gigabiti moja huzitumia jozi zote nne, lakini hata humo wahandisi wamepata njia ya kupitisha umeme na habari pamoja katika jozi zilezile bila kimoja kukidhuru kingine. Sembuse kebo isiyobeba habari yoyote, ambayo nyaya zake zote nane hazina kazi!

Msomaji aliyezaliwa miaka ya karibuni huenda akadhani kwamba kupitisha umeme katika waya wa mawasiliano ni uzushi mpya. La hasha. Wazee wetu waliuona ukifanyika bila ya kuufikiria. Wakati wa Shirika la Posta na Simu la Kenya, kabla halijagawanywa mwaka wa 1999, simu ya mezani haikuchomekwa kwenye soketi ya stima. Ilipata umeme wake kutoka kwa betri kubwa zilizowekwa katika kituo cha simu, zenye volti 48, kupitia waya uleule uliobeba sauti. Ndiyo maana stima ilipopotea mjini, simu ya mezani iliendelea kulia. Daktari aliitwa, polisi waliitwa, na habari za msiba zilifika. Tulipohamia kwenye simu za mkononi na nyuzi za kioo tulipata kasi na wepesi mwingi, lakini tulipoteza fadhila hiyo moja. Kioo hupitisha nuru, hakipitishi umeme. Rauta ya nyumbani sasa humtegemea jirani yake wa ukutani, soketi ya stima, na soketi hiyo ikifa, nayo hufa.

Wazo la volti 48 halikupotea, hata hivyo. Mwaka wa 2003 taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme na elektroniki, IEEE, ilitoa kanuni ya kupitisha umeme katika kebo ya mtandao, utaratibu ambao mafundi huuita kwa herufi tatu, PoE. Kanuni hiyo ya kwanza iliruhusu chanzo kutoa wati 15.4, na kifaa kilicho upande wa pili, hata kikiwa umbali wa mita 100, kihakikishiwe wati 12.95. Wati zinazopungua hapo katikati huliwa na kebo yenyewe na kugeuka joto. Mwaka wa 2009 kiwango kiliinuliwa hadi wati 30 kwenye chanzo, na mwaka wa 2018 kikafika wati 90. Umeme huo ni wa mkondo mnyoofu, kama ule wa betri, wala si mkondo geu wa volti 240 ututiao hofu ukutani.

Jambo linalostahili kusifiwa zaidi katika utaratibu huo ni adabu yake. Chanzo hakimwagi umeme katika kebo ovyo ovyo. Kwanza hupiga hodi: hutuma volti chache mno, chini ya kumi na moja, na kusikiliza jibu. Kifaa kilichotengenezwa kupokea umeme kina kizuizi cha umeme cha takriban omu 25,000, na kizuizi hicho ndicho kisemacho "karibu". Chanzo kikilitambua jibu hilo, ndipo hutoa volti zake 48. Kikikuta kimya, au kikikuta jibu la mgeni kisiyemjua, hakiingii. Kifaa kikichomolewa, umeme hukatwa. Hivyo kompyuta ya kawaida ikichomekwa kwa bahati mbaya haiungui.

Lakini kwa nini volti 48, na si volti 12 za betri ya gari ambayo kila fundi anaijua? Hapa twaomba ruhusa ya kuingia darasani. Nguvu ya umeme kwa wati ni volti mara ampea. Tuseme twataka kupeleka wati 10 hadi chumba kilicho umbali wa mita 30. Kwa volti 12, tutahitaji mkondo wa karibu ampea 0.83. Kwa volti 48, tutahitaji ampea 0.21 tu. Waya mmoja wa kebo hii una unene wa karibu nusu milimita, na upinzani wake ni kama omu 8.4 kwa kila mita 100. Kwa mita 30 ni omu 2.5. Tukitumia nyaya mbili kwenda na mbili kurudi, upinzani wa safari nzima utakuwa omu 2.5 hivi. Umeme unaopotea njiani ni mraba wa mkondo mara upinzani. Kwa volti 12, tutapoteza karibu wati 1.7 kati ya 10. Kwa volti 48, tutapoteza kama sehemu moja ya kumi ya wati moja. Volti zimezidi mara nne, nayo hasara imepungua mara kumi na sita. Mwanafunzi atakayeifanya hesabu hiyo kwa mkono wake ataielewa sheria ya Ohm kuliko aliyeikariri kwa ajili ya mtihani.

Sasa tuulize wati hizo chache zafaa nini. Taa ya LED ya wati 5 hadi 9 hutosha kusomea. Simu huchajiwa kwa wati 5 au 10. Rauta ya nyumbani hula wati kati ya 6 na 12. Redio ndogo, kamera ya ulinzi, kipaza mtandao cha darasani, hata kompyuta kibao, vyote vimo katika kipimo hicho. Kwa vile kila kimoja hutaka volti zake, 5 au 12, kipo kifaa kidogo cha kutenganisha ambacho hupokea volti 48 kutoka kwa kebo na kuzishusha. Visivyofaa ni pasi, birika la umeme, jiko na jokofu. Hivyo vina njaa ya mamia na maelfu ya wati, na yeyote atakayejaribu kuvilisha kwa kebo ya mtandao atachoma kebo, dari, na pengine nyumba.

Faida kubwa ya mpango huu ni kwamba chanzo kimewekwa pamoja. Badala ya kununua betri kwa kila taa na kila rauta, twaweka betri moja nzuri mahali pamoja pakavu, na kutoka hapo kebo zote hupata umeme wake. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina akiba ya wati-saa 1,200. Betri za asidi hazipendi kukamuliwa hadi tone la mwisho, kwa hivyo tuchukue nusu, wati-saa 600. Nyumba yenye taa tano za wati 5 na rauta ya wati 10 hutumia wati 35. Tuongeze tano za hasara ya kupandisha volti na ya njiani, ziwe 40. Mia sita gawanya kwa arubaini ni saa kumi na tano. Hiyo ni kutoka magharibi hadi asubuhi, na baki ya kutosha. Stima ikirudi, betri hujazwa. Na penye paneli ya sola, hujazwa na jua.

Wapo watakaouliza: kwa nini tujisumbue ilhali kuna taa za sola? Swali hilo ni la haki. Tangu mwanzo wa miaka ya 2010 kampuni kama M-KOPA zimewauzia wananchi vifaa vya sola kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia simu, na nyumba nyingi zimeachana na koroboi na moshi wake. Hatupingi hata kidogo. Twasema tu kwamba sola na kebo si mahasimu. Paneli hutoa mkondo mnyoofu, betri huhifadhi mkondo mnyoofu, taa ya LED na simu hutumia mkondo mnyoofu. Ila aghalabu sisi huugeuza umeme huo kuwa mkondo geu wa volti 240 kwa mashine, kisha chaja ikaugeuza tena kuwa mnyoofu. Kila mgeuzo hutoza ushuru wake kwa njia ya joto. Kebo ya mtandao huwezesha umeme wa jua kufika mezani bila ya kupitia migeuzo hiyo miwili.

Wapo pia watakaosema kwamba waya wa kawaida wa taa, ulio mnene zaidi, hupitisha umeme vizuri kuliko kebo nyembamba ya mtandao. Ni kweli, nasi twakiri hivyo bila ya kusitasita. Mtu anayejenga nyumba mpya asinunue kebo ya mtandao kwa ajili ya taa peke yake; atakuwa amenunua kitu ghali kwa kazi ambayo kitu rahisi hufanya vyema zaidi. Hoja yetu inahusu kebo ambazo zimeshalipiwa, zimeshapitishwa kutani, na sasa hazina kazi. Kuna shule ambazo ziligharamika kuzitandaza kwa fedha za wazazi. Kuziacha hadi panya wazigugune, au hadi mtu azing'oe aziuze kwa kilo, ni kuwadhulumu wazazi hao. Tusisahau kwamba uroho wa shaba na vyuma chakavu ulifika mahali ambapo serikali, mnamo Januari 2022, ilipiga marufuku kwa muda biashara hiyo kwa sababu ya uharibifu wa mitambo ya umma.

Tukiishia hapo, hata hivyo, tutakuwa tumetoa nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli kuhusu umeme huua. Kuna mambo manne ambayo hatuna budi kuyakemea.

La kwanza na kuu ni tamaa ya kupitisha stima ya volti 240 katika kebo ya mtandao. Hili ni kosa ambalo halina msamaha. Ganda la nyaya hizo halikutengenezwa kwa kazi hiyo, na mtoto atakayechezea kebo akidhani ni ya kompyuta hatapata nafasi ya pili. Twaona mitaani nyaya nyembamba zikivutwa kutoka nyumba hadi nyumba ili kuwasha balbu ya jirani. Mwenye kufanya hivyo humfadhili jirani yake kwa jeneza. Kazi yoyote inayogusa stima ya ukutani ifanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli. Mwanafunzi aishie upande wa volti 48, ambako akigusa kwa mkono mkavu hatadhurika, na hata huko asifanye kazi bila ya msimamizi.

La pili ni kebo bandia. Madukani kuna kebo ambazo nje yake ni shaba na ndani ni alumini. Upinzani wa alumini ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba, kwa hivyo kebo hiyo hupata joto zaidi na kupeleka umeme kidogo zaidi. Isitoshe, hukatika upesi ikikunjwa. Kuitambua si kazi ngumu: kata ncha ya waya na uikwangue kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe, usiitumie kwa umeme. Rahisi ikawa ghali kwa wengi walioipuuza tahadhari hiyo. Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, lapaswa kuongeza macho katika maduka ya vifaa hivi, kwa sababu mwalimu anayenunulia shule kebo hana maabara ya kuipima.

La tatu ni moto utokanao na kuzidisha. Watu wengi hudhani kwamba umeme wa volti chache hauwezi kuunguza. Betri moja iliyogusana chanya na hasi kupitia waya mwembamba huufanya waya huo uwe mwekundu kwa nukta chache. Kila kebo iwe na fyuzi yake karibu na betri. Kebo nyingi zisifungwe fungu moja kubwa chini ya mabati yanayochomwa na jua la mchana, kwa maana zile za katikati hazina pa kutolea joto. Na vifaa vya bei ya chini visivyopiga hodi, vile vinavyomwaga umeme papo hapo bila ya kuuliza, viandikwe wazi kwenye kila ncha, ili mgeni asije akachomeka kompyuta yake hapo na kuiua.

La nne ni radi, na hili linatuhusu sisi wa magharibi mwa Kenya kuliko wengi. Kebo ya shaba iliyopitishwa nje, kutoka jengo moja hadi jingine, ni mwaliko kwa radi. Hata radi isiyoipiga moja kwa moja huweza kuamsha ndani yake volti za kutisha, zikaua kila kilichounganishwa. Kwa hivyo umeme wa kebo ubaki ndani ya jengo moja. Baina ya majengo itumike nyuzi za kioo, ambazo hazijali radi, au mtandao wa hewani. Chanzo kiunganishwe na waya wa ardhini ulio sawasawa.

Baada ya kuyasema hayo, nani afanye nini?

Twaanza na walimu wa fizikia na wa kompyuta. Serikali ilipozindua mpango wa vifaa vya kidijitali katika shule za msingi mwaka wa 2016, vilisambazwa zaidi ya vifaa milioni moja nchini, na shule nyingi zikaunganishiwa umeme kwa ajili hiyo. Katika shule nyingi vifaa hivyo vilifungiwa kabatini. Sababu ni nyingi, na mojawapo ni kwamba kuchaji makumi ya vifaa kwa soketi mbili za darasa ni adha. Darasa lenye kebo nne za zamani ukutani lina njia nne za kuchaji ambazo hazijatumiwa. Mwalimu asingoje semina. Achukue kipimo cha volti na omu, awape wanafunzi kipande cha kebo cha mita kumi, awaambie wapime upinzani wake na kukadiria hasara. Hilo ni somo la sheria ya Ohm na la joto la mkondo wa umeme, vyote vimo katika silabasi, na gharama yake haifiki ya kitabu kimoja.

Twawaelekea pia wakuu wa vyuo. Kakamega ina Chuo Kikuu cha Masinde Muliro cha Sayansi na Teknolojia, kilichopata hadhi kamili mwaka wa 2007. Ina chuo cha Sigalagala ambacho kimewafunza mafundi wetu kwa miaka mingi. Vyuo hivi viwili vikituma wanafunzi wao wa umeme na wa kompyuta, chini ya wahadhiri wao, kukagua kebo za shule tano tu za kaunti hii, watajua ni kebo ngapi ni nzima, ngapi ni shaba halisi, na ngapi zafaa kutupwa. Ripoti ya namna hiyo ingeifaa kaunti kuliko hotuba nyingi kuhusu uvumbuzi. Tena iandikwe kwa Kiswahili, ili mzazi aliyemo katika bodi ya shule aisome na kuuliza maswali.

Serikali ya kaunti na Wizara ya Elimu nazo zisijitie uziwi. Zinapotoa kandarasi ya kujenga madarasa na maabara, ziagize kebo ya shaba halisi na chanzo chenye adabu ya kupiga hodi. Tofauti ya bei siku ya ununuzi ni ndogo ikilinganishwa na kuvunja kuta baada ya miaka mitano. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi Wakenya tumejenga kuta nyingi mno ambazo ufa wake ungezibwa kwa kiganja cha udongo.

Haya hayatamaliza giza. Kukatika kwa stima kutakomeshwa na nguzo imara, matawi yaliyopunguzwa mapema, na usimamizi usiolala. Wala Kenya Power isiyachukue maneno yetu kuwa kisingizio cha kulegeza kazi yake. Lakini kati ya leo na siku hiyo kuna mitihani itakayofanywa, madaftari yatakayosahihishwa, na watoto watakaotaka kusoma saa mbili za usiku mvua ikinyesha. Mtahiniwa wa Kakamega hufanya mtihani uleule afanyao mwenzake wa mji ambao stima yake haipotei, na mtahini hamwongezei alama kwa sababu alasiri zake zina radi.

Kazi ya kwanza ni ndogo. Jumamosi moja, stima ikiwa imezimwa kwenye swichi kuu, fundi wa shule apande ngazi na kufunua ubao mmoja wa dari, na mwanafunzi aliye chini aandike: kebo ngapi, zatoka wapi, zaenda wapi, za shaba au za alumini. Ukurasa mmoja wa daftari utatosha. Shule itakayoandika ukurasa huo itakuwa imejua mali yake, na mwenye kujua mali yake ndiye awezaye kuitumia.